Somo la 27: Macho Yenye Ukungu

Usiku usio na mwezi, simameni ufukoni pa Uvira mtazame ziwani. Mtaona taa za wavuvi wa ndagala, moja moja, juu ya maji meusi. Lakini wako watoto wasioziona hivyo. Wao huona madoa makubwa ya nuru yaliyoungana, wala hawawezi kuyahesabu. Hawasemi neno, maana hudhani kila mtu huona vile vile.

Mtoto wa namna hiyo akiketi nyuma darasani, hayaoni maandiko ya ubaoni. Hunakili kwa jirani, au hukunja macho na uso mzima. Mwalimu humdhani mjeuri, baba humwita mvivu, na pengine mwisho wake huacha shule. Tena mara nyingi kosa si la akili yake hata kidogo. Ni la milimeta moja tu.

Sikilizeni jinsi ilivyo. Jicho ni kama chumba cha giza chenye dirisha dogo. Nuru huingia kwa mboni, hupita katika lenzi, nayo hukusanywa ipate kuangukia ngozi nyembamba iliyo nyuma, iitwayo retina. Hapo ndipo sura ya kitu huchorwa. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimeta 24 hivi, toka mbele hata nyuma. Likizidi kwa milimeta 1, nuru hukutana kabla ya kufika retina, na sura hufifia. Mtu huyo huona wazi vitu vya karibu, hata sentimeta 33 hivi. Vya mbali vyote vina ukungu. Jicho likiwa fupi mno, mambo hugeuka: nuru hufika retina kabla haijakutana, na kusoma huchosha. Johannes Kepler ndiye aliyeeleza habari hii vema, mwaka 1604.

Wazee wana shida nyingine. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho huwa ngumu. Ndiyo maana mvuvi mzee, aonaye vizuri milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, humwita mjukuu amtilie uzi katika sindano ya kushonea wavu. Miwani ya kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye, huko Italia. Giordano da Pisa, mtawa wa Mtakatifu Dominiko, alihubiri mwaka 1306 kwamba ufundi huo haujatimiza bado miaka 20. Wale wasioona mbali walingoja miwani yao zaidi ya miaka 100 tena!

Sasa fanyeni jaribio. Kila mmoja akate kipande cha karatasi ngumu, akitoboe tundu moja kwa ncha ya sindano nene. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, na kwa jicho la pili autazame ubao kupitia tundu lile. (Jua msilitazame kamwe, wala kwa tundu, wala bila tundu.) Maandiko yakiwa wazi zaidi kuliko kwanza, yaelekea miwani itamsaidia, maana tundu huzuia nuru iliyotawanyika. Mtoto anayekunja macho hufanya kazi hiyo hiyo, basi asikaripiwe.

Yasipokuwa wazi, huenda kuna ugonjwa, na miwani peke yake si dawa. Mtoto wa jicho ni lenzi yenyewe iliyoingia utandu. Huondolewa kwa upasuaji, ikawekwa lenzi nyingine. Anayejikwaa jioni, hali mchana aona vema, pengine amekosa vitamini A. Apelekwe kwa mganga wa hospitali, na nyumbani ale mawese mekundu, lengalenga, sombe na mapapai mabivu. Jicho jekundu lenye maumivu, au lililopoteza nuru ghafula, lipelekwe siku ile ile. Lisitiwe maji ya majani wala dawa ya mfumu: dawa hizo zimeunguza macho ya watu wengi, na kovu hubaki.

Watu husema, “Miwani huharibu macho.” Si kweli. Jicho la mtoto huendelea kurefuka anapokua, akiwa na miwani au hana. Kwa hiyo hupimwa tena na kupewa miwani mingine. Miwani mipya huweza kuleta kizunguzungu siku chache. Kikidumu, arudi kwa aliyempima, maana labda imekosewa, au fremu imepinda na lenzi haiko mbele ya mboni. Kuifuta kwa shati lenye vumbi huikwaruza. Ioshwe kwa maji safi na sabuni kidogo.

Na ile iuzwayo tayari sokoni? Ishikeni juu ya kitabu hiki. Herufi zikionekana kubwa, ni ya wazee, ya kusomea. Zikionekana ndogo, ni ya wasioona mbali. Mtoto asiyeona ubao akivaa miwani ya babu yake, ukungu utazidi.

Maswali. Kwa nini mvuvi mzee huiona milima lakini haoni tundu la sindano? Mwenzako anakunja macho darasani: utamfanyia jaribio gani? Leteni kesho miwani miwili ya nyumbani, mseme kila mmoja ni wa nani.