Kukausha Viyeyushi Penye Joto la Pwani

Nyuzi 32.4 za Selsiasi. Kila anayefanya kazi katika maabara ya kemia Dar es Salaam, Tanga au Mombasa aishike namba hiyo, hasa mwezi wa Februari, feni inapozungusha hewa ya moto tu. Sodiamu salfeti kavu, ule unga mweupe usiokosekana kabatini, hukausha kwa kukamata maji: molekuli moja ya chumvi hubeba 10 za maji. Joto likipita hapo, haiwezi tena kuyashika hivyo. Utaongeza kijiko baada ya kijiko, na kiyeyushi kitabaki na maji yake.

Tiba ipo. Funika flaski vizuri, kisha iweke kwenye beseni la maji ya barafu; ikiachwa wazi, ubaridi utaivutia unyevu wa hewani. Au tumia magnesiamu salfeti, ambayo hufanya kazi kwa dakika chache. Ila ina uasidi kidogo, kwa hiyo iepuke kama unachotengeneza huharibiwa na asidi.

Kabla ya unga wowote, punguza maji mengi kwanza. Hatua hii huachwa sana, na kuiacha ni kupoteza kemikali. Ethaili asetati iliyotikiswa na maji hubaki na karibu asilimia 3 ya maji ndani yake. Itikise kwenye faneli ya kutenganishia pamoja na maji ya chumvi ya kawaida yaliyokolea kabisa, takriban gramu 36 kwa mililita 100. Chumvi huyavuta maji yatoke. Kumbuka kwamba daikloromethani ni nzito, hukaa chini ya maji hayo. Usije ukamwaga tabaka lenye kazi yako.

Sasa tia unga kidogo kidogo huku ukizungusha flaski. Wa kwanza utashikana mabonge na kuganda chini, ishara kwamba umeshiba maji. Endelea mpaka chembe zipeperuke huru ndani ya kimiminika, nacho kiache ukungu na king'ae. Subiri dakika 15 hivi, chuja, halafu suuza unga uliobaki kwa kiyeyushi safi, kwa sababu sehemu ya zao lako imenasa humo.

Kalsiamu kloridi ni rahisi na ina nguvu, lakini usiitie kwenye alkoholi wala amini: huzikamata zenyewe. Ethanoli nayo ina ukaidi wake. Ukiikeneka kwa njia ya kawaida, haivuki asilimia 95.6 kwa uzito, kwani hapo maji na ethanoli huchemka pamoja. Hapa ndipo zinapohitajika chekeche za molekuli za aina ya 3Å, punje zenye vitundu vya nanomita 0.3: maji huingia, ethanoli hubaki nje. Zichome kwa nyuzi 300 kwa saa kadhaa, zipoe ndani ya desiketa, kisha tumia gramu 20 kwa kila mililita 100 na uziache siku kadhaa.

Mwaka 2010, Williams na Lawton wa Chuo Kikuu cha Johannesburg walipima kwa mbinu ya Karl Fischer maji yaliyosalia katika viyeyushi mbalimbali. Kwa tetrahidrofurani, chekeche hizo ziliishinda sodiamu yenye benzofenoni, njia ambayo vizazi vya wanakemia vimeiamini licha ya hatari ya moto. Mimi naona hakuna sababu ya mwanafunzi kukaribia sodiamu kwa kazi hii. Na kwa daikloromethani au klorofomu ni marufuku kabisa: mchanganyiko huo hulipuka.

Etha na tetrahidrofurani, zikikaa na hewa, huunda peroksidi. Andika kwenye chupa tarehe ya kuifungua, pima kwa karatasi ya iodidi na wanga kabla ya kupasha moto, na ukikeneka, usiache flaski ikauke kabisa.