Rubani Ajipime Afya Kabla ya Kuruka

Cheti cha afya cha rubani wa ndege za abiria hutolewa baada ya uchunguzi wa kina, kwa kawaida kila baada ya miezi 12. Hata hivyo, cheti hueleza hali ya siku ya uchunguzi. Hakiyajui mafua yaliyoanza jana usiku. Ndiyo maana Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 humkataza rubani kurusha ndege anapofahamu kuwa afya yake imepungua kiasi cha kuhatarisha usalama.

Kabla ya safari, rubani hufundishwa kujiuliza maswali sita:

1. Ugonjwa: Je, nina dalili yoyote? Mafua huziba mrija unaounganisha koo na sikio. Ndege inaposhuka, shinikizo la hewa hushindwa kusawazishwa ndani ya sikio, na maumivu makali au kizunguzungu huweza kumpata rubani anapojiandaa kutua.
2. Dawa: Je, nimemeza dawa yoyote, hata niliyonunua bila kuandikiwa na daktari?
3. Msongo wa mawazo: Je, msiba, deni au ugomvi unaniondolea utulivu?
4. Pombe: Sheria ya Marekani hudai zipite angalau saa 8 tangu kunywa, ingawa madhara huweza kudumu zaidi.
5. Uchovu: Je, nimelala vya kutosha? Kahawa haichukui nafasi ya usingizi.
6. Lishe: Je, nimekula na kunywa maji?

Swali la pili latuhusu sana sisi watoa huduma. Dawa za mafua na mzio kama klorofeniramini na difenhaidramini hupunguza wepesi wa kufikiri, hata kwa mtu asiyehisi kusinzia. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani humtaka rubani asubiri saa 60 baada ya dozi ya mwisho ya difenhaidramini. Basi, kabla ya kutoa dawa hizi, tumwulize mgonjwa: "Unafanya kazi gani?" Akiwa rubani, tumweleze athari zake na kumshauri amwone daktari wa usafiri wa anga.

Nawe mgonjwa, usiifiche kazi yako kwa kuhofia kupoteza zamu. Zamu moja hufidiwa. Maisha ya abiria hayafidiwi.