Kifungo Kimeisha, Jirani Bado Yupo

Mdogo wangu wa Itaka, barua yako imenifikia na nimeisoma kwa utulivu. Mdogo wenu wa kiume anatoka Gereza la Ruanda, Mbeya, mwezi ujao. Alifungwa miaka mitatu kwa kuiba kahawa kwenye kichanja cha jirani. Mama anataka kuchinja mbuzi, mumeo amenuna, na wewe hujui usimame upande gani. Ninakujibu wewe, lakini wenye barua kama yako wapo wengi. Siku ya Uhuru ya mwaka 2019 peke yake, Rais Magufuli alitoa msamaha kwa wafungwa 5,533, na kila mmoja wao alikuwa na mlango wa mtu wa kubisha hodi.

Umeuliza kwanza imekuwaje miaka mitatu ikawa miwili, maana kijijini wameshaanza kusema kahonga. Hajahonga. Sheria ya Magereza inampunguzia mfungwa mwenye mwenendo mzuri theluthi moja ya kifungo chake. Anayetoka kwa parole ni habari nyingine: huyo anamalizia kifungo akiwa uraiani, ana masharti, na akiyavunja anarudishwa ndani. Kwa hiyo muulizeni ametoka kwa njia gani, na karatasi aliyopewa gerezani itoeni nakala. Kisha mpelekeni kwa mtendaji wa kijiji mchana kweupe, mkiwa naye, watu wawaone. Ukimwingiza usiku kama gunia la magendo, umeshawapa majirani hadithi ya mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo familia nyingi hulikwepa. Ile kesi iliandikwa Jamhuri dhidi ya mdogo wako. Jirani yenu, mwenye kahawa, alikuwa shahidi tu. Alieleza alivyoamka akakuta kichanja kitupu, akaulizwa maswali, akaambiwa anaweza kwenda. Mdogo wako ameshamalizana na Jamhuri. Na jirani je? Kahawa ile ndiyo iliyokuwa ada ya watoto wake msimu ule. Hakuna aliyemrudishia hata debe, wala aliyemwambia pole. Na mashamba yenu yamepakana, kahawa mnapeleka chama kimoja cha msingi, misiba mnazikana. Mtamkwepa mpaka lini?

Ndiyo maana nasema, kabla hujanunua godoro, tumeni mtu kwa jirani. Asiende mama, atalia na kumlazimisha mwenzake asamehe. Aende baba mdogo au mjomba mwenye heshima yake, na maneno yawe machache: kijana anatoka, tumeona usiisikie njiani, tunataka kujua moyo wako ukoje. Akitukana, mwacheni atukane, ana haki yake. Someni pia hukumu. Kama hakimu aliamuru fidia, muulizeni karani wa mahakama kama ililipwa. Hata kama haikuamriwa, kijana akishaanza kupata vibarua apeleke kidogo kidogo, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya mzee mmoja wa kushuhudia. Usimlipie wewe, hata kama uwezo unao. Ukimlipia, deni linahama tu: ataanza kukudai heshima nawe utaanza kumsimanga.

Na yule mbuzi, mama amwache kwanza. Chakula cha siku hiyo kiwe ugali na maharage na kuku mmoja, milango imefungwa. Jirani asisikie vigelegele kwa mtu aliyemwibia kabla hajasikia samahani.

Watoto mmewaambia anko yuko Zambia. Jamani! Nakonde ni hapo tu, ng'ambo ya Tunduma. Kwa miaka miwili asirudi hata kwa Krismasi? Watoto wa jirani wanajua, na siku moja wakigombania mpira shuleni watatamka. Waambie wewe, kwa maneno mafupi: anko alichukua kitu cha mtu, akafungwa, sasa anarudi, na tunampenda.

Kuhusu shemeji yangu, sitamlaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyumba ni yake pia. Kaeni wawili mpange kabla kijana hajafika: atalala wapi, kwa muda gani, atachangia nini kazini na mezani. Halafu yeye mwenyewe ayasikie yote siku moja, kutoka kwa mumeo, bila ukali. Ila nimeona umeandika mnataka kumlaza stoo. Stoo ile ile yenye mahindi na kahawa? Hapana. Panya akitoboa gunia, mtu wa kwanza kuangaliwa atakuwa yeye. Hamisheni magunia chumbani kwenu, hata kama mtalala mmebanana. Na pochi isijifiche kila akipita sebuleni. Mweke pesa mahali pake siku zote, akiwepo na asipokuwepo.

Kazi isisubiri. Kupalilia, kukatia mikahawa, kuchuma, vyovyote, lakini alipwe kama kibarua mwingine yeyote, siku ile ile. Muulize pia alifanya kazi gani gerezani. Wengine hutoka wakijua useremala, ushonaji au kufyatua tofali, na wanaona aibu kusema walikojifunzia. Laini yake ya simu itakuwa imeshafungwa kwa kukaa bila kutumika. Asajili mpya kwa namba yake ya NIDA na alama zake za vidole. Usimpe laini yenye jina lako, mdogo wangu, hata akikuomba kwa machozi.

Atataka kwenda Tunduma, kwa kuwa kule hawamjui. Namwelewa. Lakini mpakani kazi ya haraka kwa asiyejulikana mara nyingi ni kupitisha mizigo ya watu njia za panya usiku, na anayekamatwa ni mbebaji. Akipata mtu mnayemfahamu wa kufanya naye kazi, kwenye gereji au dukani, aende. Asipopata, amalize msimu wa kahawa nyumbani kwanza.

Shemeji akikataa kusikiliza, mwachie gazeti hili mezani. Kurasa za michezo ziko nyuma, atapita hapa tu.