Maji ya Maua na Moyo Mzito



Masomo mengine yanafundisha juu ya malaria, kuhara na maji safi. Leo tunafundisha juu ya ugonjwa usioonekana kwa jicho wala kwa kipimo cha damu: huzuni, woga na mawazo mingi. Tena tutaangalia dawa moja inayosifiwa kwamba inaponya moyo. Ni dawa ya matone ya maua. Soma polepole. Kama mko wengi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize.

1. MOYO NAO UNAUMIA

Hapa Niemba, kwenye reli ya kutoka Kalemie kwenda Nyunzu, maumivu ya moyo si habari ya kusimuliwa na wageni. Tarehe 8 Novemba 1960, kwenye daraja la mto Luweyeye, askari 9 wa Ayalandi waliotumwa na Umoja wa Mataifa waliuawa, na watu wa kwetu pia walikufa. Wafiwa walikuwa huku na kule. Nyuma yake vilikuja vita vya 1998. Kisha, tangu 2013, Waluba na Wabatwa wa Tanganyika walipigana, na mwaka 2016 na 2017 moto uliwaka tena. Vijiji vilichomwa, watu wengi wakakimbilia kambi za Kalemie.

Tuseme kuna mama mmoja aliyerudi kutoka kambini. Nyumba amejenga tena, mihogo amepanda. Lakini usiku halali. Mbuzi akiruka nje, yeye anashtuka na kusimama. Kichwa kinamuuma, kifua kinambana. Anakwenda kituo cha afya, anapimwa malaria, haina. Anapewa vidonge vya kichwa. Juma linalofuata anarudi na maumivu yale yale. Majirani wanaanza kusema: "Huyu anajifanya tu."

Hapana, ndugu. Hajifanyi. Mtu akivunjika mguu tunaona. Akivunjika moyo hatuoni, lakini anaumia kweli.

2. DAWA YA MAUA NI NINI?

Mtu kama mama yule anaweza kuletewa kichupa na ndugu aliyetoka Ulaya, akaambiwa: "Kunywa hii, huzuni itakwisha." Kichupa hicho kimetoka wapi?

Dawa hii ilianzishwa na munganga mmoja wa Uingereza, Edward Bach, aliyezaliwa 1886 na kufa 1936. Alikuwa daktari wa kweli, aliyesoma magonjwa ya vijidudu. Baadaye aliacha kazi ile, akatembea mashambani kutafuta maua. Alifikiri kwamba kila ua linaweza kutuliza hali moja ya moyo. Mwishoni alikuwa na dawa 38. Ua moja ni la woga ambao mtu anajua sababu yake. Lingine ni la woga usio na sababu. Lingine ni la mtu aliyepata mshtuko au kufiwa. Lingine ni la mtu aliyekata tamaa. Moja kati ya zile 38 haina ua hata kidogo: ni maji ya chemchemi tu.

Zinatengenezwa hivi. Maua yanawekwa juu ya maji safi ndani ya bakuli la kioo, yanaachwa juani saa tatu hivi. Mengine yanachemshwa. Maua yanatolewa, maji yanachanganywa na brandi, pombe kali ya zabibu, ili yasioze. Halafu matone mawili tu ya mchanganyiko ule yanatiwa katika chupa nyingine ya brandi. Chupa hiyo ndiyo inayouzwa. Mgonjwa naye anatia matone mawili ndani ya maji yake.

Umeona? Ua limebaki mbali sana. Anachokunywa mtu ni maji na pombe kidogo.

3. JE, INAPONYA?

Swali hili halijibiwi kwa kusema "mimi naamini" au "mimi siamini". Linajibiwa kwa kujaribu sawasawa. Wataalamu wanagawa watu mafungu mawili. Fungu moja linapewa matone ya maua. La pili linapewa matone yanayofanana kabisa, lakini hayana maua. Hakuna anayejua amepewa yapi. Mwishoni wanalinganisha.

Ujerumani walifanya hivyo kwa watu waliokuwa na woga mkubwa wa mitihani, na matokeo yalitangazwa 2001. Woga ulipungua katika mafungu yote mawili, sawasawa. Mwaka 2010 Edzard Ernst, profesa wa Uingereza, alipitia majaribio yote mazuri ya dawa hizi aliyoyapata. Jibu lake lilikuwa lile lile: matone ya maua hayashindi matone yasiyo na maua.

Basi juu ya nini watu walipata nafuu? Juu ya mambo mengine. Waliulizwa habari zao. Waliangaliwa. Walipata tumaini. Nafuu ile ni ya kweli, lakini haikutoka kwenye ua.

4. HATARI IKO WAPI?

Utasema: "Kama ni maji tu, yatadhuru nini?" Angalia mambo manne.

Kwanza, kupoteza wakati na franga. Mtu anayetaka kujiua, ukimpa matone na kumwacha peke yake, umemwacha katika hatari.

Pili, pombe. Katika kichupa cha brandi kuna pombe ya kweli. Matone machache hayalevyi, lakini mtu aliyeacha pombe asiyaguse, na mtoto asipewe. Tena tuseme wazi: wanaume wengi wanatibu huzuni yao kwa lutuku. Lutuku haiondoi huzuni. Inailaza usiku mmoja, na asubuhi inaiamsha na deni juu yake.

Tatu, kujitengenezea. Hii ndiyo hatari kubwa kwetu. Mtu akisikia "maji ya maua yanaponya", anaweza kuchuma ua lolote la uani, akaloweka na kunywa. Maua mengine ni sumu! Lile ua jeupe refu kama tarumbeta linaloinama chini linavuruga akili: mdomo unakauka, moyo unakwenda mbio, mtu anaona vitu visivyokuwapo, hata anaweza kufa. Ule mti wa ua la manjano kama kengele, wenye utomvu mweupe, unaweza kusimamisha moyo. Hapana kunywa maua usiyoyajua, hata kidogo. Mtu akisha kunywa, mpeleke kituo cha afya upesi, na uchukue tawi la mti ule uonyeshe waganga.

Nne, kuacha dawa nyingine. Mwenye kifafa, mwenye kifua kikuu, mwenye virusi vya ukimwi asiache vidonge vyake kwa sababu amepata matone. Kifafa kinaweza kurudi siku ile ile, tena karibu na moto au mto.

5. JAMBO JEMA LA KUSHIKA

Hata hivyo, tusimcheke Bach. Mbele ya kutoa matone, alikaa na mtu na kumwuliza: unaogopa nini? Umechoka? Uko peke yako? Umepoteza tumaini? Swali lile lina nguvu kuliko chupa yake, na sisi tunaweza kuliuliza bila franga hata moja.

Jambo hili limejaribiwa karibu na sisi. Kusini mwa Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, watu wenye ugonjwa wa huzuni walikutana kwa vikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, mara moja kwa juma, majuma 16. Walioongoza walikuwa watu wa pale pale waliofundishwa majuma mawili. Walisema mambo yao ya kufiwa, ya ugomvi na ya upweke, na wakasaidiana kutafuta njia. Matokeo yalitangazwa 2003: katika vikundi vile waliobaki na ugonjwa walikuwa wachache sana kuliko katika vijiji visivyopata vikundi.

Katika Kivu, kwa majirani zetu, wanawake zaidi ya 400 waliotendewa ukatili wa vita walisaidiwa kwa njia mbili. Wengine walisikilizwa mmoja mmoja. Wengine walikutana kwa kikundi mara 11, wakafundishwa kuyaangalia mawazo yanayowaumiza, kama "kosa ni langu". Waliowasaidia hawakuwa madaktari, walikuwa wanawake Wakongomani waliofundishwa. Baada ya miezi sita, kati ya kila 100 waliosikilizwa tu, 42 walikuwa bado na dalili za ugonjwa wa huzuni au woga. Kati ya kila 100 wa kikundi, ni 9 tu. Habari hii ilitangazwa 2013.

Ona basi: kusikilizwa kunasaidia. Kikundi chenye mafundisho kinasaidia zaidi. Wala hapakuwa na chupa.

6. TUFANYE NINI?

Mwaka 2011 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa kitabu cha kusaidia watu waliopata mshtuko. Mambo yake makubwa ni matatu: tazama, sikiliza, unganisha.

TAZAMA. Jirani aliyekuwa akija kisimani na kucheka, sasa haji? Hali? Hajali watoto? Nenda kwake.

SIKILIZA. Kaa chini. Sema: "Mama, pole. Naona hauko sawa siku hizi. Unalala?" Halafu nyamaza. Akilia, mwache alie. Usimwambie: "Acha kulia, wengine wamepotewa zaidi." Usimlazimishe kusimulia yale asiyotaka. Na siri yake isitoke kwako.

UNGANISHA. Mtu mwenye moyo mzito hana nguvu ya kuanza. Mchotee maji leo, kesho mwende shamba pamoja. Mpeleke kwa ndugu zake, kwa wamama wenzake, kwenye kikundi cha kuimba kama alikuwa akiimba. Akihitaji munganga, usimwambie tu "nenda". Mwende wote wawili.

Na wewe mwenyewe, woga ukikushika usiku, fanya hivi. Kaa, weka mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi polepole ukihesabu moja, mbili, tatu. Toa pumzi polepole ukihesabu moja, mbili, tatu. Endelea dakika tano. Usishangae kama siku ya kwanza haisaidii sana, ni kama kujifunza kupiga kasia. Lala saa ile ile kila siku. Kula hata kama hamu hakuna. Chagua kazi moja ndogo uimalize.

7. KIMBILIA KITUO CHA AFYA KAMA

— mtu anasema anataka kufa, au anatafuta kamba au sumu. Usimwache peke yake hata kidogo. Ondoa dawa ya panya na visu. Kumwuliza wazi, "Unawaza kujiua?" hakumpi wazo hilo. Kunamfungulia mlango wa kusema.
— mama aliyezaa hivi karibuni hamtaki mtoto, au anawaza kumdhuru.
— mtu anasikia sauti ambazo wengine hawasikii.
— mtu ana homa na anasema maneno yasiyoeleweka. Hiyo inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, inaua kwa siku moja.
— huzuni imekaa majuma mawili au zaidi, mtu hawezi kazi, hawezi kulala, hafurahii kitu.

Kuna vidonge vya kweli vya ugonjwa wa huzuni. Havifanyi kazi siku moja. Vinahitaji majuma mawili mpaka manne hivi, na mtu asiviache bila kuongea na munganga.

8. NA MAUA YENYEWE?

Maua hayana kosa. Panda maua mbele ya nyumba. Kumwagilia jioni, kukaa karibu nayo na jirani, kuona kitu kinachipuka mahali palipoungua: hayo yanapumzisha moyo. Lakini ya kunywa, tuchukue maji safi. Na ya kuponya, tuanze na yule anayekuja, anakaa, anauliza, na kesho anarudi.

Mama yule wa mwanzo wa somo letu labda anakaa nyumba ya tatu kutoka kwako. Jioni ya leo, pita kwake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Juu ya nini watu walipata nafuu hata kwa matone yasiyo na maua?
2. Taja maua mawili ya hatari yanayoota hapa kwetu. Watoto wanayajua?
3. Mtu akikuambia, "Nimechoka kuishi," utafanya nini kwanza?
4. Ni nani katika kijiji chako hajaulizwa habari za moyo wake siku nyingi?