Jihadhari: Hata sauti tamu huharibu masikio

Hebu tuchukue mfano wa mkulima anayeishi Kesses, si mbali na Chuo Kikuu cha Moi. Baada ya mavuno anauza mahindi yake, anapanda matatu hadi mjini Eldoret na kurudi na spika mbili kubwa za mbao pamoja na amplifaya yake. Jioni hiyo anaweka rumba ya Kongo na kubaki mdomo wazi. Redio yake ya zamani ilichanganya kila kitu kikawa uji mmoja. Sasa gitaa la besi linasikika uzi kwa uzi, matoazi yanalia kama manyunyu juu ya bati, na mwimbaji anasikika akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti.

Miaka mitatu baadaye anamwita fundi. Analalamika kwamba spika zimepoteza utamu: matoazi yamefifia na waimbaji wanamumunya maneno. Fundi anazifungua, anazipima, hapati kasoro yoyote. Mjukuu wa mzee naye anashangaa, kwa maana yeye anasikia kila kitu sawasawa.

Msomaji, kasoro haimo ndani ya spika. Imo masikioni mwa mwenyewe.

Sikio hufanyaje kazi?

Sauti inapoingia sikioni hutikisa kiwambo cha sikio. Mtikiso huo hupitishwa na mifupa mitatu midogo hadi ndani kabisa, kwenye kiungo kilichojiviringa mfano wa gamba la konokono na kujaa maji. Humo mna chembechembe zipatazo 15,000 zenye vinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vinywele hivyo ndivyo vinavyogeuza mtikiso kuwa habari inayopelekwa kwenye ubongo.

Kila sehemu ya konokono huyo ina kazi yake. Vinywele vilivyo karibu na mlango hupokea sauti nyembamba, kama vile za matoazi na kayamba. Vilivyo ndani zaidi hupokea sauti nzito za besi.

Vinywele hivi ni kama ngano shambani. Upepo ukipita, ngano huinama kisha ikasimama tena. Lakini mvua ya mawe ikinyesha, hulala chini isiinuke. Mwaka wa 1988 watafiti nchini Marekani walitangaza kwamba kuku na ndege wengine huotesha upya chembechembe za sikio zilizokufa. Binadamu hana bahati hiyo. Zikishakufa, zimekwenda.

Kwa nini spika nzuri ni hatari zaidi?

Redio ndogo ina wema mmoja ambao hatuufahamu. Ukiongeza sauti kupita kiasi, hupasuka na kukwaruza, nawe ukachukizwa na kuipunguza. Huo ni mlinzi.

Spika za hali ya juu hazina mlinzi huyo. Zimeundwa ili zitoe sauti safi hata zikifunguliwa sana. Kwa hivyo msikilizaji huongeza kidogo, kisha kidogo tena, na bado anaona raha. Tena masikio hayaanzi kuuma hadi sauti ifikie takriban desibeli 120, ilhali madhara huanza chini sana ya hapo. Asisubiri maumivu mtu anayetaka kujikinga.

Kipimo cha sauti ni desibeli. Mazungumzo ya kawaida hufikia kama desibeli 60. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kwamba mtu mzima asikilize muziki wa desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huongezeka maradufu, na muda wa kusikiliza hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 83 zinabaki saa 20 kwa wiki. Kwenye 86 zinabaki saa 10, na kwenye 89 saa 5. Kwenye desibeli 98, kiwango ambacho spika kubwa hufikia bila taabu sebuleni, umebaki na kama dakika 40 tu kwa wiki nzima.

Jambo jingine linalowadanganya wengi ni hili. Ili muziki usikike kuwa mkubwa mara mbili, amplifaya hulazimika kutoa nguvu mara kumi. Wewe unaona umeongeza kidogo tu, lakini sikio limebebeshwa mzigo mara kumi.

Hesabu ya siku nzima

Sikio halina likizo. Mkulima aliyeendesha trekta kutwa nzima bila kinga, mfanyakazi wa kinu cha posho, au utingo wa matatu yenye muziki mkubwa, wote hufika nyumbani mgao wao wa siku ukiwa umekwisha. Wakifungulia spika, wanakopa kwa masikio yaliyofilisika.

Isitoshe, masikio yaliyochoka husikia kidogo. Kwa hivyo mtu huyo huongeza sauti zaidi kuliko siku aliyopumzika, na madhara huzidi. Vijana nao wasijione salama. Mwaka wa 2021 WHO ilisema kwamba zaidi ya vijana bilioni moja duniani wamo katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya kusikiliza muziki vibaya.

Dalili za kuangalia

Kelele huanza kuharibu usikivu wa sauti nyembamba. Ndipo mtu husema, "Nasikia unaongea, lakini sielewi unalosema." Herufi kama s, f na sh hutegemea sauti hizo. Mtu akitamka suka, fuka na shuka, mgonjwa husikia neno moja tu. Hapo ndipo mzee huanza kuwakemea wajukuu kwamba wanaongea kwa kunong'ona, na mwishowe hujitenga hata katika mazungumzo ya mezani.

Dalili nyingine ni masikio kuvuma au kulia baada ya muziki, kuhisi yameziba, kuomba watu warudie maneno, na kuona kwamba sauti iliyokutosha mwaka jana haikutoshi tena.

Jipime hivi nyumbani. Chagua wimbo unaoufahamu vizuri na uucheze kwa sauti ya wastani. Keti na mtoto au kijana, kila mmoja aseme anasikia ala zipi. Iwapo yeye anasikia kayamba na matoazi nawe husikii, usikimbilie kununua spika nyingine. Nenda ukapimwe masikio.

Ushauri wetu

1. Ketini mbali kidogo na spika. Kama unalazimika kupaza sauti ili aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, muziki umezidi.

2. Tandika zulia, weka mapazia na makochi. Chumba cha saruji na mabati matupu huvuma, na mvumo huo hufanya maneno yasisikike vizuri, hivyo mtu huongeza sauti bure.

3. Usizisukume spika kwenye pembe za chumba. Besi huzidi na kufunika sauti nyembamba. Ziinue hadi twita zilingane na masikio yako unapoketi, nawe utasikia zaidi kwa sauti ndogo.

4. Weka alama kwenye kitufe cha sauti asubuhi, masikio yakiwa yamepumzika. Jioni usiipite alama hiyo.

5. Ukitoka kwenye trekta, kinu au sherehe yenye kelele, pumzisha masikio kwanza. Kazini vaa kinga za masikio.

6. Usichokonoe masikio kwa kijiti wala ufunguo, na usitie mafuta ukidhani yamezibwa na nta. Mwone daktari.

Kipimo cha kusikia hakina maumivu. Unavalishwa vipokea sauti na kuashiria kila unaposikia mlio. Wakazi wa Kesses wanaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu, kisha wakihitaji waelekezwe kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Ukipoteza uwezo wa kusikia kwa ghafla, hata kwa sikio moja, nenda siku hiyo hiyo, kwa maana tiba ikicheleweshwa huenda isifae.

Spika zikiharibika, mavuno mengine yatakuja na utanunua nyingine. Masikio hayauzwi Eldoret wala Nairobi. Kinga ni bora kuliko tiba.