Kiwanja kwanza, nyumba baadaye: jinsi mipango ya ardhi na sera ya makazi vinavyotegemeana

Maombi mengi ya ujenzi yanayotufikia kutoka kamati za parokia huzungumzia matofali, saruji na mabati. Nyumba ya mjane, nyumba ya mwalimu wa chekechea, vyumba viwili vya kupangisha ili mfuko wa yatima usikauke. Makadirio ya fundi huwa yamepangwa hadi shilingi ya mwisho. Karatasi inayokosekana mara nyingi ni moja tu, ile inayoonyesha eneo hilo limepangiwa matumizi gani na nani mwenye haki juu yake. Wafadhili wetu nao huuliza kwa nini tunazuia fedha kwa ajili ya "karatasi ya ardhi" wakati mvua zinakaribia. Somo la robo hii tumeliandaa kwa ajili ya pande zote mbili.

Wizara moja, mikono mingi

Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, ambayo toleo lake jipya lilizinduliwa Machi 2025, inaeleza ardhi ya Tanzania Bara inamilikiwaje na kwa masharti gani. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ya 2000 inaeleza wananchi wapateje mahali panapofaa kuishi. Nyuma ya sera hizo zipo Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, ambazo zilianza kutumika Mei 2001. Mwaka 2007 Bunge likaongeza Sheria ya Mipangomiji na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Mambo haya yote yako chini ya Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, na humo humo limo Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962.

Kwa kuangalia maandishi, basi, ardhi na nyumba ni watoto wa mama mmoja. Lakini anayechora mpango wa mji ni halmashauri, kwa sababu ndiyo mamlaka ya upangaji. Maji yanaletwa na mamlaka ya maji, umeme na TANESCO, barabara za mitaa na TARURA. Kila mmoja ana bajeti yake na vipaumbele vyake. Mchoro unaweza kupitishwa leo na bomba la maji likafika baada ya miaka kumi. Katika miaka hiyo kumi watu wanakuwa wameshajenga, na kila mmoja amechimba shimo lake.

Shirika la Nyumba limeeleza mara kadhaa kwamba hulazimika kuingiza gharama za barabara, maji na umeme katika miradi yake, na gharama hizo hubebwa na mnunuzi. Kwa hiyo mwananchi wa kipato cha chini anapoona bei ya nyumba inayoitwa ya gharama nafuu na kushangaa, sehemu ya bei hiyo si matofali hata kidogo. Mikopo ya nyumba nayo, licha ya sheria ya 2008 iliyokusudia kuikuza, bado haifikii asilimia 1 ya pato la taifa. Benki hutaka hati, na hati haitoki mahali ambapo hapajapangwa na kupimwa.

Familia haisubiri mchoro

Dar es Salaam ilipata mpango kabambe mwaka 1949, mwingine 1968 na mwingine 1979. Huo wa mwisho ulikuwa wa miaka 20. Muda wake ulikwisha, jiji likaendelea kukua kwa miaka mingi bila mpango mpya uliokamilika, na sensa ya 2022 ikahesabu humo watu 5,383,728. Kijana aliyeoa katikati ya kipindi hicho asingeweza kumwambia mkewe wasubiri mchoro. Alinunua kipande kwa mkulima, wakaandikiana mauziano mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akaanza msingi. Ndiyo maana inakadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji hilo wanaishi katika makazi yasiyopangwa. Tunaomba wanakamati waache kuwaita watu hawa wavamizi. Wengi wao walilipa.

Serikali imewahi kujaribu njia zote mbili, ya kubomoa na ya kuboresha. Katika miaka ya 1960 nyumba za zamani zilibomolewa katika maeneo kama Magomeni ili zijengwe mpya. Fedha nyingi zilitumika, lakini nyumba mpya zilichukua tu nafasi ya zile zilizoondolewa, na upungufu ukabaki pale pale. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mkondo ulibadilika. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa viwanja na kuwekewa huduma za msingi, naye mwananchi akaachiwa kujenga mwenyewe, chumba kwa chumba kadiri mfuko unavyoruhusu. Manzese, ambako watu walikuwa wameshajenga, palitiwa barabara na maji bila kuwahamisha wote.

Kwa maoni yetu hicho ndicho kipindi ambacho mpango wa ardhi na sera ya makazi vilitembea pamoja kuliko wakati mwingine wowote. Ni kweli viwanja vingi vya Sinza viliishia kwa wenye uwezo wa kati badala ya maskini waliokusudiwa. Hata hivyo barabara zilikuwa zimetengwa kabla nyumba hazijaota, na mtu akipita Sinza leo bado anaziona.

Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulirudia nusu moja ya fundisho hilo. Bunju, Mbweni, Tuangoma, Kibada, Buyuni na maeneo mengine ya pembezoni yalipimwa kwa wingi, na lengo la idadi likavukwa. Lakini viwanja viliuzwa ili kurudisha gharama, bei ikawashinda wa kipato cha chini, na katika maeneo mengi maji na barabara vilichelewa. Mkulima aliyelipwa fidia kwa shamba lake hakuweza daima kununua kiwanja kilichopimwa juu ya shamba hilo hilo. Upangaji ulifanikiwa, ila swali la nani ataishi pale halikuulizwa mapema.

Bonde la Msimbazi

Sera ya 2000 inataka makazi yasiyopangwa yaboreshwe, si kubomolewa, isipokuwa yaliyo katika maeneo ya hatari. Maneno hayo "maeneo ya hatari" ndiyo yenye uzito. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu Dar es Salaam na kuharibu nyumba nyingi katika bonde la mto Msimbazi. Waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na soko, karakana na vibarua walivyokuwa wakitegemea. Kiwanja walipata, riziki ikabaki mjini, na haikuwa ajabu kusikia kwamba wengine walirudi bondeni. Desemba 2015 hadi mwanzoni mwa 2016 nyumba zilibomolewa huko Jangwani na Mkwajuni. Ni mradi wa kuendeleza bonde hilo, ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2022, ambao umeunganisha kuzuia mafuriko na kuwalipa fidia wanaohama.

Mfadhili anayetaka kujua hasara ya kutopanga ilivyo aangalie bonde hili. Kila nyumba iliyobomolewa pale ilikuwa akiba ya familia ya miaka mingi, na nyingine zilikuwa zimekwisha kukarabatiwa kwa michango baada ya kila mafuriko.

Vijijini

Wanakamati wa vijijini wasidhani somo hili ni la Dar es Salaam peke yake. Bara ina vijiji zaidi ya 12,000 na chini ya nusu vina mpango wa matumizi ya ardhi. Mpango huo hutenga eneo la makazi, la kilimo, la malisho, la huduma za jamii, na hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Parokia isiyohudhuria mkutano huo isishangae ikikuta uwanja iliotaka kwa zahanati umepangiwa malisho. Na kijiji kilicho karibu na mji kinaweza kutangazwa kuwa eneo la mipangomiji. Hapo ardhi yake hutoka katika usimamizi wa kijiji, na mwenye hatimiliki ya kimila ana mengi ya kujieleza kuliko asiye na lolote ila ana machache ya kuogopa.

Tunachoomba kabla ya maombi yajayo

Kabla ya kumwita fundi, wanakamati wawili waende ofisi ya ardhi ya halmashauri na kuuliza kama eneo lina mchoro wa mipangomiji uliopitishwa, na mchoro unasema nini kuhusu kipande hicho. Waulize pia hifadhi ya barabara na umbali kutoka mtoni. Mwaka 2017 wakazi wa kandokando ya barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, waliona ubomoaji mkubwa uliotokana na hifadhi ya barabara peke yake. Kama mtaa uko katika urasimishaji, kamati isichangie kampuni ya upimaji kabla ya kuona mkataba wake na ratiba, kwa sababu kuna mitaa iliyochanga na kazi ikakwama katikati. Leseni ya makazi ni bora kuliko mauziano matupu, lakini ni ya miaka michache, kwa hiyo tarehe ya mwisho iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Ikiwa nyumba ni ya mjane, jina katika karatasi liwe lake, si la shemeji wala la parokia.

Kwa upande wa wafadhili, tumeanza kuweka gharama za kufuatilia mchoro, upimaji na hati ndani ya bajeti ya kila ombi la ujenzi. Kiasi hicho hakionekani katika picha ya uzinduzi, nasi tunaomba kisikatwe.