Ukihamia Jinja, Hamia Kweli

Wadogo zangu, swali hili linanifikia kila mara, hasa kutoka kwenu mliopata kazi Kampala na kushtushwa na kodi ya nyumba: "Dada, si bora nipange Jinja? Ni kilomita 80 tu, na mto uko mlangoni."

Nawapenda, kwa hiyo nawaambia wazi. Jinja ni mji mzuri mno wa kuishi, ila haufai kugeuzwa mahali pa kulala tu. Anayelala Jinja na kushinda Kampala siku tano kwa wiki haishi kokote. Nimewaona dada zetu wakidamka saa kumi alfajiri na kurudi watoto wamelala, na ile nafuu ya kodi yote imeishia kwenye nauli na dawa za mgongo.

Hesabu njia kwa saa, achana na kilomita. Kuvuka Nile siku hizi ni rahisi, kwa sababu tangu Oktoba 2018 tuna daraja jipya la nyaya. Kabla ya hapo magari yote yalipita juu ya bwawa la Nalubaale, lile ambalo wazee bado wanaliita Owen Falls. Shida iko mbele. Msitu wa Mabira una malori yanayotoka bandari ya Mombasa kuelekea Kampala, Rwanda na Kongo, na moja likiharibika kwenye kona, mnasubiri wote. Kisha kuanzia Mukono, Namanve hadi Bweyogerere ni foleni, na taksi yenu ya abiria 14 haina pa kupenyea. Barabara kuu mpya imezungumzwa kwa miaka. Usipange maisha yako kwa kuitegemea.

Kama mwajiri anakubali uende ofisini mara moja au mbili kwa wiki, hapo tunaweza kuongea. Lala kwa ndugu Kampala usiku mmoja, urudi kesho yake mchana, foleni ikiwa imepungua. Lakini ningekuwa wewe, kwanza ningetafuta kazi hapa hapa Jinja. Watu husahau kwamba Jinja haikujengwa kuwa kitongoji cha Kampala. Umeme wa bwawa ulipoanza mwaka 1954 viwanda vilifuata: nguo, shaba, chuma. Mtaa wa Walukuba ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Zile nyumba za ghorofa zenye baraza kwenye Main Street zilikuwa za wafanyabiashara wenye asili ya Asia, ambao Idi Amin aliwafukuza mwaka 1972, na mji ukaumia kwa miaka mingi. Ninapopita pale huwa nawafikiria waliofunga maduka yao wakaondoka wasijue kama watarudi. Mji haukufa. Kakira bado wanatengeneza sukari, ng'ambo ya mto, kule Njeru, kuna kiwanda kikubwa cha bia, watalii wanakuja kwa ajili ya mto, na tangu Julai 2020 Jinja ni jiji rasmi. Mhasibu, fundi umeme, mpishi, mwalimu wa Kiswahili: hawa wote wana pa kuanzia.

Sasa nyumba. Naona wengi mnataka ya kando ya maji, na dalali anajua hivyo. Kabla hujatoa hata senti, tembea mwenyewe uwaulize majirani, wala usimuulize mwenye nyumba: maji yalifika wapi mwaka 2020? Mwezi Mei mwaka huo Ziwa Victoria lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha hapa Jinja, na waliojenga ukingoni walihama na magodoro kichwani. Kiwanja cha kununua ndiyo kabisa uwe macho. Kanuni za mazingira za Uganda zinahifadhi mita 100 kutoka ukingo wa Nile na mita 200 kutoka ziwani, kwa hiyo hati nzuri ya karatasi haitakuokoa siku ya kubomolewa. Panga juu kidogo, mlimani. Mto utauona bado, na mbu watakuwa wachache, ingawa chandarua ni lazima popote utakapolala. Watoto wasiogelee kwenye maji yaliyotulia penye majani, kichocho kipo. Na karibu na mabwawa asiingie mtu yeyote, hata anayejua kuogelea.

Hospitali ya rufaa ya mkoa ipo, na kwa mambo mengi inatosha. Kwa ugonjwa mzito huenda ukapelekwa hospitali ya Mulago, Kampala, kwa hiyo weka akiba ya gari la usiku tangu mwezi wa kwanza, hasa ukiwa mjamzito.

Kuhusu watu, usiwe na hofu. Kiswahili utakisikia kwa madereva wa malori, sokoni na kambini kwa wanajeshi, lakini mama muuza ndizi atakupenda ukimsalimu kwa "kodheyo" ya Kisoga. Ukivuka daraja kwenda Njeru umeingia Buganda, badilisha salamu. Ukiona wasichana wanapiga magoti kumsalimu mzee, usicheke wala usijilazimishe. Inama kidogo, sema taratibu, watakuelewa.

Na wewe uliyeniuliza kama ulipe kodi ya mwaka mzima ili upunguziwe: hapana, mdogo wangu. Lipa miezi mitatu, tena umalize msimu mmoja wa mvua ndani ya nyumba hiyo. Paa likivuja au kijia cha kwenda stendi kikijaa matope, utakuwa bado na pesa yako mkononi, na vyumba vya kupanga Mpumudde na Bugembe havijaisha.